Barua ya Wazi: Damu ya Mbwa Wetu Ipimwe Hapahapa

KWA: Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Wizara ya Mifugo na Uvuvi, pamoja na wote wenye dhamana ya maabara za mifugo na mizigo ya anga

YAH: MAANDALIZI YA MBWA WANAOSAFIRI KWA NDEGE

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua mezani kwako kuna homa ya mapafu ya ng'ombe, kuna malisho yaliyokauka, kuna wafugaji na wakulima wanaogombania bonde moja. Barua ya mbwa wa kupanda ndege itaonekana imeandikwa na mtu aliyeshiba. Mwenzangu wa fani niliyemwonyesha rasimu yake aliniuliza kama sina kazi. Kazi ninayo, na hii ni sehemu yake, tena inayonitoa jasho kuliko kumzalisha ng'ombe aliyekwama ndama.

Mimi ni daktari wa mifugo, nina kliniki ndogo hapa Dar es Salaam, na wagonjwa wangu wengi ni mbwa na paka. Kila ikikaribia Juni, shule zinapofungwa na mikataba ya kazi inapoisha, watu huanza kuingia mlangoni na maneno yaleyale: "Dokta, tunaondoka mwezi ujao, na mbwa tunaenda naye." Wapo wageni wanaorudi kwao. Wapo pia Watanzania wenzetu, na siku hizi si wa kuhesabu kwa vidole: muuguzi aliyepata kazi Ujerumani, kijana aliyeoa Uholanzi, mama anayekwenda kuishi na binti yake. Wote nawajibu kwamba mwezi ujao haiwezekani. Anayeanzia sifuri na kwenda nchi ya Umoja wa Ulaya ahesabu miezi minne na siku zake, na hapo ni kila kitu kikienda sawa.

Niiweke hesabu yenyewe wazi, kwa sababu hata wenzetu wenye vyeti ukutani wapo wanaoikosea. Mbwa anaanza kwa kuwekwa chipu chini ya ngozi ya shingo, upande wa kushoto. Ni kitu cha urefu wa milimita 12 hivi, chenye namba ya tarakimu 15. Siku hiyohiyo, au baada yake, anachanjwa kichaa cha mbwa, na awe ametimiza wiki 12 tangu azaliwe. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki hata kama ilichomwa jana, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu aliyesimama mbele yako. Zipite siku 30 ndipo damu itolewe. Ipimwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, na kingamwili, yaani askari wa mwili wanaotokana na chanjo, zifike angalau nusu ya kizio cha kimataifa kwa kila mililita, yaani 0.5. Akifaulu, bado ana miezi mitatu ya kungoja, na hiyo huhesabiwa tangu siku ya kutolewa damu, wala si tangu majibu yalipotoka. Habari njema ni moja tu: majibu hayo hayachachi maadamu chanjo ya marudio haijapitishwa tarehe. Ikipita hata kwa siku moja, mbwa anarudi mwanzo wa mstari.

Uingereza inadai damu hiyo na ngoja hiyohiyo ya miezi mitatu. Inaongeza dawa ya minyoo ya tegu, ambayo lazima daktari aitoe kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika, na mbwa anayetoka huku kwetu anaingia kwa ndege kama mzigo, si begani mwa mwenyewe. Marekani nayo ilibadilisha mambo kuanzia Agosti 1, 2024. Mbwa awe ametimiza miezi 6, awe na chipu, fomu yake ijazwe mtandaoni. Aliyechanjwa katika nchi wanazoziona zina hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na humo tumo sisi, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, anashukia kwenye viwanja vichache vilivyotajwa, penye kituo kilichosajiliwa cha kumpokea. Asiye na majibu ya damu anazuiliwa siku 28, na bili ni ya mwenye mbwa.

Sikuandikii kulalamikia masharti hayo. Mtu aliyewahi kumwona mtoto mwenye kichaa cha mbwa akiogopa kikombe cha maji hawezi kuyalalamikia. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Makadirio ya kimataifa ni kwamba ugonjwa huu unaua watu 59,000 hivi kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Pemba wametuonyesha ulivyo: waliumaliza kwa kuchanja mbwa, ukaingia tena mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, wakalazimika kuchanja upya kisiwa kizima mpaka ulipozimwa tena mwaka 2018. Pemba ingekuwa na mamlaka ya kuweka masharti ya kuingiza mbwa, nadhani yangekuwa makali kuliko ya Ulaya. Wala orodha ya Umoja wa Ulaya si ya kutuonea kwa rangi au umaskini. Mauritius, jirani zetu wa Bahari ya Hindi, wamo kwenye orodha ya nchi ambazo mbwa wake hawadaiwi kipimo cha damu, na Falme za Kiarabu zimo. Wanaoingia humo ni walioudhibiti ugonjwa na wana karatasi za kuonyesha.

Ninacholalamikia ni mahali damu inapokwenda.

Kuitoa si kazi. Mbwa anapandishwa mezani, mwenye mbwa anamkumbatia kichwa na kumsemesha, unanyoa manyoya kidogo mguu wa mbele, msaidizi anabana mshipa kwa kidole gumba, unavuta mililita chache, basi. Shughuli inaanza hapo. Unaiacha damu igande, unaizungusha kwenye mashine, unanyonya seramu, yaani majimaji ya damu yanayobaki juu, taratibu bila kugusa chini. Seramu nzuri ni ya njano hafifu na inapitisha mwanga. Ikiwa na wekundu, chembe zimepasuka, na maabara inaweza kuikataa. Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, unaomba mbwa mwenyewe awe bado yuko mapokezi. Seramu inaingia kwenye kichupa, kichupa kwenye kopo lisilovuja lenye kitu cha kufyonza, kopo kwenye boksi gumu lenye UN 3373, alama ya kimataifa ya sampuli za kibaiolojia. Weka barafu, funga, bandika karatasi: hati ya mbwa, hati ya sampuli, kibali cha kuitoa nchini, na wakati mwingine kibali cha kuiingiza inakokwenda. Kisha unamkabidhi kijana wa kampuni ya vifurushi na kubaki na namba ya ufuatiliaji. Zangu zimekwenda Afrika Kusini, zimekwenda Ujerumani, zimekwenda Ufaransa. Hazijawahi kukaa ndani ya Afrika Mashariki.

Nikupe mfano wa mteja mmoja, mama mstaafu. Mbwa wake anaitwa Tomi, mbwa wa kienyeji, sikio moja limesimama na jingine limelala, aliokotwa mtaroni akiwa bado hajafumbua macho vizuri. Kadi yake ya chanjo ilijaa mihuri, maana mama alikuwa hakosi kampeni ya chanjo ya bure ikipita mtaani kwake. Binti yake aliolewa Sweden, akamwita mama wakaishi wote. Kuhusu Tomi, binti alishauri aachwe kwa jirani. Mama alimjibu kwenye simu nikiwa nimesimama pale: "Miaka yote hii niliyolala peke yangu, nani alikuwa mlangoni, jirani?"

Tukaanza. Kadi yenye mihuri ikawa ya kumbukumbu tu, kwa kuwa chipu haikuwepo. Tukaweka chipu, tukachanja upya, tukangoja, tukatoa damu. Kampuni ya vifurushi, ambayo jina lake halina haja hapa, ikalilaza boksi ghalani kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu, kwa kuwa mtu wa zamu hakuwa na uhakika kama seramu ya mbwa ni kitu kinachoruhusiwa kupita. Barafu haijui Jumapili. Maabara ya huko nje ikaandika kwa adabu sana kwamba sampuli imefika katika hali isiyofaa, tafadhali tumeni nyingine.

Kutoa nyingine ni dakika kumi, na Tomi hata hakulia. Lakini ngoja ya miezi mitatu inahesabiwa tangu damu ya pili. Tiketi ilishakatwa. Kibali cha ukazi cha mama kilikuwa na tarehe. Nikaulizwa swali ambalo huulizwa kila mara: kwani asitangulie, mbwa akamfuata? Sheria ya Ulaya inataka mbwa na mwenyewe wasipishane kwa zaidi ya siku tano. Zikizidi, mbwa anahesabiwa kuwa ni wa biashara, na masharti ya mbwa wa biashara kutoka nchi kama yetu ni mlima mwingine kabisa. Basi mama akabaki, akalipa kubadilisha tiketi, akahangaika na tarehe za kibali, akahamia kwa ndugu kwa kuwa nyumba alikwishaikabidhi. Walifika Sweden, wote wawili, na taarifa ya mwisho niliyoletewa ni kwamba Tomi hataki kutoka nje asubuhi. Nilipojumlisha fedha iliyotumika kusafirisha vichupa viwili vya seramu na kuahirisha safari, niliona ingetosha kununua chanjo ya mbwa wote wa mtaa aliohama.

Sasa kipimo chenyewe, Ndugu Mkurugenzi, unakijua, ila barua hii ni ya wazi na wengine wanaisoma. Kinaitwa FAVN. Seramu ya mbwa inachanganywa na kiasi maalumu cha virusi hai vya kichaa cha mbwa, zinaongezwa seli zilizooteshwa maabara, vinaachwa kwenye joto la mwili kwa saa 48. Kisha inatiwa rangi inayong'aa na mtaalamu anachungulia kwa hadubini: seli zikiwa zinang'aa, virusi vimeingia, zikiwa giza, kingamwili za mbwa zimevizuia. Ni siku mbili. Kinachokula wiki ni ndege, forodha na foleni ya sampuli za dunia nzima kwenye maabara za watu.

Kinachohitajika ni chumba chenye usalama wa kutosha wa kushika virusi hai, uwezo wa kuotesha seli, hadubini ya aina hiyo, umeme usiokatika, wafanyakazi waliochanjwa, na utaratibu wa kuandika kila kitu. Idhini haiombwi kwa barua ya kujuana. Maabara ya Nancy nchini Ufaransa, iliyo chini ya wakala wa ANSES, ndiyo iliyopewa kazi ya kupima uwezo wa maabara nyingine: inakutumia seramu ambazo majibu yake inayajua yenyewe, unazipima, unarudisha majibu. Yakilingana, jina linapelekwa. Mtihani hurudiwa, na anayefeli anaondolewa.

Hakuna kitu hapo kinachotushinda. Wakala wa Maabara ya Veterinari una maabara kuu pale Temeke. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kinatoa madaktari wa mifugo kila mwaka. Wataalamu wa Kitanzania wameandika kuhusu kichaa cha mbwa, kutoka Serengeti hadi Pemba, tafiti zinazosomwa duniani kote. Jirani zetu wa Kenya wana maabara ya mifugo ya Kabete. Nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina tatizo moja, na sioni kwa nini ziwe na maabara nane za kipimo kimoja. Iwe Temeke, iwe Morogoro, iwe Kabete, mimi sitagombana na mtu. Boksi likipanda basi la usiku na kufika asubuhi bado lina barafu, nimeridhika. Ombi langu kubwa ndilo hili: ofisi yako iichukue hoja, iipeleke kwa wenzako wa nchi za Jumuiya, mkubaliane maabara moja iandaliwe kwa ajili ya mtihani wa Nancy.

Hapa ndipo mwenzangu wa rasimu aliponibana: maabara ya mamilioni kwa ajili ya mbwa wa watu wenye pasipoti? Nikamuuliza yeye mwenyewe kingamwili zake ni ngapi. Hakujua. Mimi pia zangu sizijui. Tulichanjwa kabla ya kuanza kazi hii, kama wanavyopaswa kuchanjwa wachanjaji wa vijijini, askari wa wanyamapori na wafanyakazi wa maabara, na kiwango cha kumwona mtu kuwa ana kinga ya kutosha ni kilekile cha mbwa wa kwenda Ulaya, 0.5. Tunaumwa na mbwa wa wateja, tunafunga kidonda, tunachoma sindano za ziada kwa tahadhari. Kampeni za chanjo nazo: tunahesabu mbwa waliochomwa, tunatangaza asilimia, tunataka kufika ile 70 inayokata mnyororo wa ugonjwa. Chanjo iliyozunguka kutwa juu ya pikipiki katika jua la Februari ilifanya kazi kwenye miili yao au haikufanya? Jibu liko kwenye seramu, na kipimo ni kimoja. Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asiwepo mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa kilichotoka kwa mbwa. Mwenye mbwa wa kwenda Stockholm yuko tayari kulipia kipimo chake bei kamili leo. Fedha yake inakwenda Ujerumani. Ingebaki hapa, ingewasha taa za maabara inayompima mchanjaji wa Tandahimba bure.

Kuna jambo jingine ambalo halipendezi kuandikwa hadharani. Njia ya halali ikichukua miezi minne na zaidi, kishoka anaahidi siku nne. Mnawajua. Wana kadi tupu zenye mihuri, wanarudisha tarehe nyuma, wanaandika namba ya chipu ambayo bado iko ndani ya pakiti. Mteja wangu mmoja alipoambiwa asubiri hadi Novemba alicheka, akaniambia kuna mtu wa kumalizana naye wiki hii. Sikumwona tena. Mwezi Julai 2021 Marekani ilisimamisha uingizaji wa mbwa kutoka nchi zote zenye hatari kubwa, na moja ya sababu ilizotaja ni vyeti vya chanjo vya uongo. Nchi zaidi ya mia moja zilifungiwa mlango. Mbwa mmoja aliyebeba virusi chini ya karatasi ya kishoka atawafungia wote walioungoja mstari, na jina litakaloandikwa kwenye magazeti ya huko halitakuwa la kishoka, litakuwa la Tanzania. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 mnayo. Namba ya chipu na tarehe ya chanjo viingizwe kwenye mfumo wa serikali siku chanjo inapochomwa, na daktari akae akijua kwamba tarehe haiwezi kurudishwa nyuma. Hilo halihitaji hadubini wala Nancy.

Niguse na karatasi za mwisho. Cheti cha afya cha kuingia Ulaya kinasainiwa na daktari wa serikali, na kikishatolewa kina siku 10 tu za kufika mpakani. Ndani ya siku hizo kuna uchunguzi, kuna saini, kuna kibali cha kutoa mnyama nchini, kuna ndege ambayo nayo inaweza kuahirishwa. Anayetoka Mbeya au Bukoba anapaswa kujua kabla ya kupanda basi ni nani anayesaini, yuko jengo gani, na asipokuwepo anakaimiwa na nani. Ninaomba orodha hiyo iwekwe wazi kwa kila mkoa, kwa Kiswahili, pamoja na ada zake. Muwakumbushe pia wanaosaini kwamba lugha ya cheti inafuata nchi ya kwanza ya Umoja wa Ulaya mbwa anakokanyaga, siyo anakokwenda kuishi. Tomi alikuwa anakwenda Sweden kupitia Amsterdam, kwa hiyo cheti chake kiliandikwa Kiholanzi na Kiingereza, lugha mbili ambazo hana habari nazo. Kingeandikwa Kiswidi, angekwama Schiphol.

Keji si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Za plastiki ni ghali na kubwa zake hazipatikani kirahisi, lakini yupo fundi Keko anayetengeneza za mbao kwa vipimo vya mashirika ya ndege, na amezoea sasa kiasi kwamba haulizi mbwa ni wa aina gani, anauliza namba. Urefu wa mbwa kuanzia pua hadi shina la mkia, ongeza nusu ya kimo cha kuanzia chini mpaka kiwiko: huo ndio urefu wa keji. Upana wa mabega mara mbili ndio upana wake. Kimo ni mpaka ncha ya sikio akiwa amesimama, pamoja na unene wa tandiko. Matundu ya hewa pande zote nne, mlango wa chuma, bolti na siyo klipu za plastiki, vyombo viwili vya maji na chakula vinavyojazwa kwa nje. Mbwa alale humo nyumbani wiki kadhaa kabla ya safari, ajue ni kwake. Maji yagandishwe kwenye chombo chake ili yasimwagike wakati wa kupakia na yayeyuke polepole njiani. Dawa za usingizi hapana, hata mteja akilia. Presha ya mbwa hushuka, mwili hushindwa kujisawazisha, na kule chini hakuna wa kumtazama. Wale wa pua bapa, mashirika mengi hayawataki kabisa, na nadhani wana haki.

Nyuma ya mlango wa ndege mbwa yuko salama kuliko watu wanavyoogopa. Chumba kina hewa na joto linalodhibitiwa. Hatari iko ardhini. Mwaka fulani, kwenye uwanja mmoja wa kanda hii ambao sitautaja, nilikuta keji ya mbwa imeachwa juu ya toroli juani, saa nane mchana. Hatua chache kutoka pale, ndani ya chumba cha baridi, yalikuwepo maboksi ya maua ya waridi yanayosubiri ndege hiyohiyo. Niliuliza kwa nini mbwa naye asiingizwe kivulini. Nikajibiwa kwamba maua yakiharibika kuna mtu atadai. Yule aliyenijibu hakuwa mkatili. Alisema ukweli wa kazi yake: waridi lina mkataba unaotaja nyuzi joto, mbwa hana. Nyinyi wenye dhamana ya mizigo ya anga, muandikieni mbwa mkataba huo. Chumba chenye kivuli na feni, bomba la maji, mtu wa zamu mwenye jina na namba ya simu iliyobandikwa juu ya keji, na kanuni kwamba mnyama anaingia uwanjani wa mwisho na kutoka wa kwanza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imeshasema mnyama asiteswe katika usafirishaji, kwa hiyo hamtaanza na karatasi tupu.

Yote haya ya keji, cheti na kivuli ni ya kurekebishwa kwa waraka na kikao. La maabara ndilo litakalochukua muda, na ndiyo maana naliomba lianze kwanza. Sisi wenye kliniki hatuji mikono mitupu. Tuna seramu za mbwa waliochanjwa kwa tarehe zinazojulikana, na tunaweza kuzitoa ziwe za kujifunzia kabla ya mtihani wa Nancy. Tuna wateja wanaolipa. Tuna orodha ya sampuli zilizoharibika njiani, na sababu zake, kwa anayetaka kuzipitia. Nikiitwa Temeke nitakuja siku yoyote isipokuwa Jumamosi, kwani Jumamosi nachanja.

Naomba kuwasilisha.

Daktari wa mifugo,
Dar es Salaam

Nakala:
Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania
Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro
Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha